Nani Aliyeondoa Kicheko

Aliyeandika ukutani alitumia mkaa, na mkaa ukisuguliwa kwa maji hautoki, husambaa. Shangazi alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta huo tangu kulipopambazuka, brashi mkononi, ndoo ya povu pembeni, akisugua kwa nguvu za mtu ambaye hajapata usingizi. Maneno MUUAJI WA WATOTO yalikuwa yamegeuka wingu la kijivu lililofika mpaka dirishani, na bado yalisomeka vizuri tu.

Hakuna mtoto aliyekuwa amekufa. Hakuna aliyelazwa, wala aliyetapika. Kulikuwa na maneno tu, kwamba Shangazi, mwenye kituo cha kulelea watoto wadogo, huwapa watoto wa watu dawa ya usingizi ili yeye apumzike. Wazazi walianza kuwatoa watoto wao mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi, na sasa vigodoro vilivyokuwa vikigombewa kila mchana vilikuwa vimesimamishwa ukutani kama vinangoja kuuzwa. Leo saa tisa alasiri afisa ustawi wa jamii angeketi kuamua kama kibali cha kituo kifutwe. Kikifutwa ndiyo basi, kwa sababu kibali cha kulea watoto hakirudi kwa mtu aliyenyang'anywa.

Taratibu alisimama nyuma yake, kofia mkononi. Alikuwa askari wa upelelezi kabla ya kustaafu, na jina hilo alipewa kazini kwa kuwa ndilo neno alilomjibu kila aliyemharakisha, mkuu wake na mkewe wakiwemo. Siku hizi alimfanyia kazi wakili mmoja, mwanamke mwenye ofisi juu ya duka la viatu, na wakili huyo alimwambia jana kwamba safari hii neno lake aliache nyumbani.

"Umepata jina la aliyeanza, kaka?" Shangazi aliuliza bila kugeuka.

"Bado."

"Saa tisa si mbali."

Wifi yake Shangazi akatoka ndani na ndoo nyingine. Huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi vilevile. Tangu balaa lianze alikuwa amefunga kibanda chake, akahamia kituoni kumpikia Shangazi uji na kumlazimisha aunywe, na simu za matusi zikilia alizipokea yeye na kujibu kwa matusi makubwa kuliko yaliyoletwa. Ndiye aliyemburuta Shangazi mpaka kwa wakili.

Alimwambia Taratibu kwamba anapoteza muda. Aende kwa Mwalimu, yule mwenye chekechea mpya ya ukuta wa bluu, maana watoto wote wamehamia kwake, na nani mwingine amefaidika?

"Mshtakini mpaka auze hilo geti lake," alisema, akamwaga maji machafu kwa hasira mpaka yakamrukia Taratibu viatuni.

Taratibu alikubali kuanzia huko. Hakuamini sana, lakini mtu aliyefaidika hupigiwa hodi kwanza, hiyo ni kawaida ya kazi.

Njiani alijikumbusha alichotumwa. Wakili alikuwa amemweleza Shangazi kwamba mtu aliyechafuliwa jina hayuko mikono mitupu. Anaweza kumwandikia aliyemkashifu barua ya kumtaka ayafute maneno yake na kuomba radhi, tena mbele ya watu walewale waliomsikia, si pembeni kwa kunong'ona. Akikaidi, hufunguliwa shauri la madai mahakamani na kudaiwa fidia, na kama bado anaendelea kubwabwaja, mahakama huombwa imwekee zuio wakati shauri likisubiri. Polisi nao wapo, lakini wakili hakuwataka. Askari akionekana mtaani watu hufumba midomo, na yeye alitaka waifungue.

Njia zote hizo zilikuwa na mlango mmoja. Lazima ajulikane nani alisema, alimwambia nani, na alisema nini hasa, neno kwa neno, kama yalivyotoka mdomoni. Hakimu hasikilizi "alinisema vibaya". Na afisa ustawi alikuwa amemwambia wakili kwenye simu kwamba yuko tayari kuona huo ni umbea tu, mradi aonyeshwe ulipoanzia. Vinginevyo angefuata malalamiko yaliyo mezani. Vipimo vya watoto havikuonyesha kitu, lakini daktari aliongeza kwamba dawa ya aina hiyo hutoka mwilini upesi, kwa hiyo karatasi yake haikumwokoa mtu wala kumzamisha.

Mwalimu alimpokea getini na hakumkaribisha ndani. Nyuma yake watoto waliimba alfabeti kwa sauti za kuchoka. Alipoambiwa habari ya wakili, shingo yake ilisimama.

"Mimi sikusema. Nilisikia."

"Ukamwambia nani ulichosikia?"

"Wazazi waliokuja kuandikisha. Waliniuliza."

"Basi ulisema," Taratibu alimwambia kwa upole. "Anayerudia hujibu kama aliyeanza. Wakili wangu atakueleza vizuri, au wako. Ulisikia nini, kama kilivyosemwa?"

Mwalimu alijibu. Alisikia kwamba Shangazi huwanywesha watoto dawa ya kikohozi ili walale. Aliyemletea ni mzazi mmoja, Mama Pacha. Taratibu alimuuliza juu ya ukuta wa bluu, juu ya mvua, juu ya bei ya rangi, kisha akamwomba arudie. Huo ulikuwa mtego wake wa siku zote. Aliyesikia maneno huyarudia yalivyo hata ukimzungusha; anayeyatunga huyabadilisha nguo kila anapoyatoa. Mwalimu alirudia vilevile, dawa ya kikohozi na yote.

Si yeye. Alikuwa amefaidika, na pengine alifurahi pia, lakini maneno yalimfikia yakiwa yameshakomaa.

Mama Pacha alikuwa karani kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi, na alimsikiliza Taratibu akiwa amesimama katikati ya mabomba ya maji. Ndiye aliyepeleka malalamiko kwa afisa. Taratibu alianza kwa kumwambia kwamba hayo hayatamletea shida, kwa kuwa sheria humlinda anayeripoti kwa nia njema kwa mwenye dhamana. Shida ni yale aliyowaambia watu wasiohusika, kama Mwalimu na akina mama wa kwenye foleni ya kliniki.

"Wewe una watoto?" Mama Pacha alimuuliza.

"Ninao. Wakubwa."

"Walipokuwa wadogo, wangerudi nyumbani wamelala fofofo, ukasikia habari hiyo, ungenyamaza?"

Taratibu alisema asingenyamaza. Ilikuwa kweli, na alichukia kwamba ni kweli. Mama Pacha akashusha sauti. Alichosikia ni kwamba Shangazi anawapa dawa ya kikohozi walale aende kwenye mambo yake. Hayo ya mambo yake aliyaongeza mwenyewe, alikiri baada ya kuombwa arudie mara ya pili, alikuwa amekasirika. Kikohozi hakukiongeza. Alikisikia hivyo kwa msusi wake, kichwa kikiwa nusu kimesukwa.

"Na aliniambia amekiri," alisema Mama Pacha. "Hilo ndilo lililonipeleka kwa afisa. Si umbea, baba. Mwenyewe amekiri."

Neno hilo lilimtia Taratibu ubaridi. Alitembea kuelekea saluni kwa hatua za haraka kuliko jina lake, na mara mbili alitazama saa. Kazi ya kashfa ni nyepesi pale mtu anaposema uongo mtupu. Lakini kama mteja wako amekiri, na wewe ndiye unayezunguka mtaani kukusanya ushahidi wa kukiri kwake, unaweza kumzika kwa mikono yako mwenyewe huku ukidhani unamwokoa.

Msusi alikuwa akisuka, na vidole vyake havikusimama mgeni alipoingia. Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele aliinua jarida usoni, masikio yote mawili yakiwa nje. Taratibu alimsubiri mpaka akamaliza mstari, kisha akaomba waende nyuma, penye mabeseni ya kuoshea nywele.

Mwanzoni msusi alikana kumwambia Mama Pacha lolote. Kisha alikiri nusu. Mwishowe alisema, kwa sauti ya mtu anayeona dari linashuka, kwamba yeye hakusema Shangazi amewapa watoto dawa, alisema tu kwamba Shangazi mwenyewe amesema hivyo.

"Alikwambia wewe?"

"Hapana. Niliambiwa na aliyeambiwa."

"Nani?"

Msusi alitazama taulo zilizoanikwa. Alisema mtu huyo ni mteja wake wa miaka, tena ni rafiki, na hawezi kumuuza.

"Sikuombi umuuze, binti. Nakueleza ulipo. Kama nyuma yako hakuna mtu, sheria inakomea kwako. Barua ya wakili itakuja na jina lako peke yake."

"Nitafungwa?"

"Hapana. Utadaiwa. Na utatakiwa uombe radhi hapa, mbele ya wateja wako."

Hilo la pili ndilo lililomwingia. Saluni huishi kwa kuaminiwa, hata kama kinachoaminiwa ni umbea. Akafuta mikono kwenye aproni, mara moja, mara ya pili, ingawa haikuwa na maji.

"Ni wifi yake," alisema.

Taratibu alimwona akilini yule mwanamke na ndoo yake, akimwaga maji kwa hasira ya haki. Alisikitika, na akajiambia asikitike baadaye.

"Alisemaje? Usinieleze maana yake. Niambie maneno."

Msusi alifumba macho. "Alisema hivi: 'Nimemkuta wifi watoto wote wamelala, kimya, hata inzi hasikiki. Namuuliza, umewafanyaje hawa? Ananiambia, nimewapa dawa ya usingizi wote, na...' Halafu akacheka."

"Na nini?"

"Basi. Aliishia hapo. Nilimuuliza, na nini? Akasema achana nayo, nisuke."

Taratibu alimuuliza kikohozi kilitoka wapi. Mteja mmoja alitaka kujua ni dawa gani, na yeye akasema labda ya kikohozi, maana ndiyo inayolaza watoto wake. Ndivyo kilivyozaliwa, kwa neno "labda", na "labda" yenyewe ikafia njiani.

"Sema tena alichosema wifi."

Alisema tena. Maneno yalikuja yaleyale, mpaka inzi, mpaka ile "na" iliyobaki inaning'inia.

"Wifi alipomaliza alicheka. Na wewe?"

"Nilicheka pia. Ilikuwa utani, baba, nilijua ni utani. Nikamsimulia Mama Pacha nikicheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, ni kweli? Nikamwambia, si amesema mwenyewe?"

"Ungeweza kumwambia ni utani."

"Ningeweza," msusi alisema. Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. "Lakini alikuwa amenikazia macho. Nilijiona mjinga kucheka."

Saa sita ilikuwa imepita. Taratibu alipanda pikipiki ya kukodi kurudi kituoni, kitu alichoapa kutofanya tena tangu alipoanguka, na njia nzima aliiwaza sentensi ile iliyokatika. Msusi alikuwa hodari wa kutia chumvi, lakini hakuna mtu atiaye chumvi kwa kuongeza "na", kisha akaiacha haina kitu mbele. Shangazi alisema jambo zaidi. Jambo hilo lilimchekesha wifi, au angalau lilitosha kumfanya acheke akilikumbuka, na bado hakulisema. Mtu gani husimulia kichekesho akakiondoa kicheko chenyewe?

Wifi alikuwa jikoni, jiko dogo la nyuma ya kituo, akikoroga uji. Kupitia ukuta ilisikika brashi ya Shangazi, kwaruza, kwaruza. Taratibu alifunga mlango.

"Ulimwambia nini msusi?"

Mwiko ulisimama. Kisha ukaendelea, polepole.

"Kumbe ndiko ulikokuwa."

"Alisema nini wifi yako siku ile watoto wamelala?"

"Alisema nimewapa dawa ya usingizi wote. Utani tu. Mwisho."

Taratibu alimuuliza alifuata nini kituoni siku ile, akasema kupima aproni; akamuuliza zilikuwa rangi gani, mifuko mingapi. Akamwomba aseme tena.

"Alisema, wote nimewapa dawa ya usingizi. Akaenda zake kukunja nguo."

"Mara ya kwanza ulisema utani ukaishia hapo. Mara ya pili akaenda kukunja nguo. Msusi ana 'na' mwishoni, wewe huna. Dada, kulikuwa na maneno mbele yake. Unayajua."

Wifi alizima jiko. Uso wake, ambao mtaa mzima uliuogopa, ulikuwa umelegea ghafla.

"Nikiyasema, itakuwaje kwangu?"

Angeweza kumdanganya. Askari wengi wangemdanganya, na yeye zamani alishawahi kuwaahidi watu mbingu ili waseme. Alimwambia kweli. Yeye ndiye wa kwanza kuyatoa maneno yale nje ya kituo, tena nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyomdhuru Shangazi. Shangazi ana haki ya kumdai. Na hata asipomdai, msusi akishtakiwa atamtaja, na wakili wa msusi ataomba naye aunganishwe kwenye shauri.

"Na nisiposema?"

"Msusi anasema Shangazi amekiri. Bila huo mwisho, afisa atamwamini. Kituo kinafungwa leo."

Kwaruza ya brashi ilikoma. Wote wawili wakaangalia ukuta, na wote wawili, Taratibu aliona, walishusha pumzi ilipoanza tena.

"Sikumbuki," Wifi alisema. Akamimina uji kwenye kikombe, akautoa nje kumpelekea Shangazi.

Ofisini, wakili alisikiliza yote bila kumkatiza. Shangazi alikaa mbele ya meza, kucha zake zikiwa bado na weusi wa mkaa. Wifi alikuja naye, kama alivyokuja naye kila mara, lakini safari hii alikataa kuingia, akabaki kwenye benchi la kwenye ujia. Taratibu alipolitaja jina, Shangazi aliangalia mlango, akarudisha macho mapajani.

"Ulisema maneno hayo?" wakili alimuuliza.

"Mimi nasema mengi, dada. Siku nzima niko na watoto wasiojua kuongea. Nikimpata mtu mzima naropoka. Inawezekana nilisema."

"Unakumbuka ulimaliziaje?"

"Sikumbuki hata nilivyoanza."

Wakili aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa maneno makavu, na aliyasema makavu. Jana alikuwa na njia tatu, leo zote zimesimama mahali pamoja. Akimwandikia msusi barua, msusi atajibu kwamba alirudia kilichosemwa. Akifungua shauri, msusi atasema hivyohivyo chini ya kiapo, na atakuwa anasema kweli, na ukweli ndiyo ngao kubwa kuliko zote katika kesi za kashfa. Hakimu atayasoma maneno kwenye karatasi, na karatasi haina sauti ya mtu anayetania. Kama kuna mwisho unaoonyesha kwamba huu ulikuwa mzaha, basi mambo yanageuka: aliyeueneza bila mwisho amepotosha, na anadaiwa. Mwisho huo uko kichwani mwa mtu mmoja tu.

"Mahakama inaweza kumwita shahidi," alimalizia. "Lakini hiyo ni baada ya wiki nyingi. Afisa yuko saa tisa."

"Na kumshtaki yeye?" Shangazi aliuliza.

"Unaweza. Nikuandikie?"

Shangazi alisugua kidole kimoja kwa kingine, weusi haukutoka. "Nilipofiwa ndiye aliyenilisha," alisema. "Nilikuwa siwezi hata kuoga, akaniosha." Kisha akamtazama Taratibu, macho mekundu.

"Usimtaje huko, kaka. Nitajibu mwenyewe."

"Utajibu nini?"

"Sijui."

Ofisi ya afisa ustawi ilikuwa chumba chembamba chenye kabati la chuma na feni inayozunguka bila kuleta upepo. Afisa alikuwa mwanamume mpole, na upole huo ulimtia Taratibu hofu zaidi kuliko ukali, kwa sababu watu wapole husaini bila kelele. Jalada lilikuwa wazi mbele yake, muhuri upande wa kulia. Alimpa wakili nafasi ya kueleza. Wakili akaeleza habari ya kikohozi kilivyozaliwa saluni, na ya "mambo yake" yaliyoongezwa kwa hasira, na afisa akatikisa kichwa kukubali, kila nukta. Wifi alisimama karibu na mlango, mkoba kifuani.

"Nimeelewa kwamba wameongeza," afisa alisema. "Mimi nataka kujua walichoongezea." Akamgeukia Shangazi. "Mama, uliwahi kusema umewapa watoto dawa ya usingizi? Ndiyo au hapana."

Taratibu alimwona Wifi akitikisa kichwa kidogo sana, akimwashiria aseme hapana. Ingekuwa rahisi. Nani angethibitisha? Msusi hakuwapo siku ile.

"Ndiyo," Shangazi alisema. "Nilisema."

Wakili alifumba macho. Afisa aliandika neno moja, na kalamu yake ilisikika.

"Ulimwambia nani?"

Shangazi aliinamia kucha zake.

"Mama, nakuuliza kwa faida yako. Aliyesikia anaweza kunieleza ulivyosema. Ni nani?"

"Nimemsahau," Shangazi alisema, na alikuwa mwongo mbaya kiasi kwamba hata afisa aliona haya kumtazama. Alifunga jalada. Mkono wake ukaenda kwenye muhuri.

"Ni mimi," alisema Wifi.

Alisogea mbele mpaka mapaja yakagusa meza. Alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi.

"Mimi ndiye niliyeambiwa. Nilimuuliza umewafanyaje hawa watoto mbona kimya, akaniambia, 'Nimewapa dawa ya usingizi wote, na tone lililobaki nitakutilia wewe kwenye chai, mtaa nao upumzike na umbea wako.' Ndivyo alivyosema. Nilipofika kwa msusi nilitaka kumchekesha. Nikafika kwenye 'na', nikaona mbele yake niko mimi na umbea wangu. Nikaona haya. Nikaukata."

Feni ilizunguka. Shangazi alikuwa ameinua uso.

"Sasa nakumbuka," alisema kwa sauti ndogo. "Ulininunia mpaka jioni."

Afisa hakucheka. Aliondoa mkono kwenye muhuri, akafungua jalada tena, akatafuta ukurasa ulio wazi. Alimuuliza Wifi kama anaelewa kwamba haya yakiandikwa na kusainiwa, mtu yeyote atakayeusoma ukurasa huu, wakili wa msusi akiwemo, ataona ni nani aliyeanza kumchafua Shangazi.

Wakili alifungua mdomo kumshauri asijibu kabla ya kupata wakili wake mwenyewe. Wifi alimzuia kwa kiganja.

"Umbea wangu mtaa mzima unaujua isipokuwa wewe," alimwambia afisa, akavuta kiti akaketi. "Andika. Anza na jina langu."